Tofauti ya Vidole Viwili

Fundi Futi alipewa jina hilo kwa ajili ya futi ya kupimia aliyokuwa akiivaa shingoni kutwa nzima. Kibanda chake cha tairi kilikuwa kando ya barabara kuu, mkabala na mizani ya malori. Mwenye gari dogo akija kuulizia tairi "ya kumi na tano", Fundi alimcheka.

"Hiyo kumi na tano ni rimu tu, ndugu yangu. Ni kama kumtajia fundi cherehani namba ya kofia akushonee suruali!"

Kisha aliinama, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi na kumsomea: mia tisini na tano, huo upana kwa milimita; sitini na tano, kimo cha ubavu, yaani asilimia sitini na tano ya ule upana; rimu huja mwisho.

Binti yake wa pekee aliolewa na dereva wa lori, kijana mcheshi ambaye Fundi alimpenda kama aliyemzaa mwenyewe. Mchana mmoja mkwe huyo aliingia kibandani mbiombio, shati limeganda mgongoni kwa jasho. Tairi moja ya nyuma, zile zinazofungwa mbili mbili, ilikuwa imepasuka. Zake zilikuwa mia tatu kumi na tano kwa themanini. Kibandani ilibaki moja tu ya lori, mia mbili tisini na tano kwa themanini.

"Baba, si zote rimu ni ishirini na mbili na nusu? Nifungie hiyo."

"Rimu ni sawa, kimo si sawa." Fundi akaisimamisha kando ya tairi nzima ya mkwewe, akaweka vidole viwili kwenye pengo la juu. "Umeona? Ukizifunga pamoja, ndefu itabeba mzigo wote, fupi itakuwa msindikizaji tu. Ndefu itachemka mpaka ipasuke."

Mkwe akashusha sauti. "Baba, mwanao amepelekwa hospitali asubuhi. Uchungu umeanza. Nitakwenda mdogo mdogo, nikifika tu naibadilisha."

Alikuwa mjukuu wake wa kwanza. Fundi akachukua jeki. Kisha akapiga magoti, akafunga.

Jioni simu ikalia mara mbili. Ya kwanza ilisema mtoto amezaliwa, wa kike, mzima. Ya pili ilisema lori limepasuka tairi kwenye mteremko, likamshinda dereva na kuingia korongoni, naye akafa papo hapo.

Askari waliandika kuwa chanzo ni mwendo kasi. Majirani walisema ni ajali kama ajali nyingine. Hakuna aliyemuuliza Fundi lolote, na angeweza kunyamaza hadi kaburini. Lakini wiki ya tatu alimkuta binti yake akikunja nepi, akampakata mjukuu wake, na moyo ukamshinda.

"Mwanangu, tairi ile haikuwa saizi yake. Niliifunga mimi, na nilijua."

Nepi ikabaki hewani. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Halafu ukafunga?"

"Nikafunga."

Binti hakupiga kelele. Alimchukua mtoto mapajani mwa mzee, taratibu asimwamshe, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Tangu hapo Fundi akawa mtu mwingine. Utani ulimtoka. Dereva aliyetaka tairi za vimo tofauti alifukuzwa kama mwizi, na akienda kibanda cha jirani, mzee alimfuata huko na futi yake, akipima na kubembeleza. "Huyu kachanganyikiwa," walisema, na wateja wakapungua hadi akafunga kibanda.

Binti hakumtupa. Kila mwisho wa wiki alikuja na mtoto, akafua, akafagia, akapika. Ila ile habari hawakuigusa tena, na neno "baba" lilimpotea mdomoni. Alimwita "babu" tu, kama mtoto alivyomwita.

Mwaka wa saba miguu ya mzee ilivimba, akawa wa kitandani. Binti alichemsha maji, akakaa chini na beseni, akaanza kumwosha nyayo.

"Umenisamehe?" mzee aliuliza, macho darini.

Binti aliendelea kusugua. Maji yalipoanza kupoa, akasema, "Lete mguu wa pili."

Mzee akauleta.