Jogoo Niliyempelekea Mzungu wa Chuo

Kabla hamjasikia habari hii kwa watu wa soko la Sirisia, ambao huongeza chumvi mpaka mboga hailiki, wacha niseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi yule mama mzee wa jogoo, na ndiyo, niliaibika mbele ya ukumbi mzima pale Kitale, na mpaka leo sijaomba mtu msamaha.

Mjukuu wangu Nekesa alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupita vizuri, akataka kusomea uuguzi ng'ambo. Wakala mmoja wa Nairobi akaita mkutano wa wazazi hotelini, ati mzungu wa chuo mwenyewe atakuwepo na nafasi ni za siku hiyo tu. Nekesa nimemlea mimi, kwa hivyo sahihi ilikuwa yangu (au kidole, shule niliacha darasa la tatu). Sasa kwetu Wabukusu, mtu anayekuja kuchukua mtoto wako ampeleke mbali humpi mkono mtupu. Nekesa akanisihi, "Kukhu, tafadhali, usibebe kuku. Ni hoteli." Nikamwambia nimesikia. (Kusikia nilisikia, kukubali sikusema.)

Nikamfunga jogoo miguu kwa kamba ya katani, nikamlaza kikapuni chini ya leso, na mlinzi wa mlangoni alipouliza kuna nini nikamwambia ni dawa zangu za tumbo, akaogopa kuchungulia.

Tukaketi mbele kabisa. Mzungu, mama mmoja mwenye uso mwema, anaongea, wakala anatafsiri, na ile mashine ya mwanga inaonyesha ukutani picha ya chuo na theluji. Wakala akasema kila kitu kiko tayari, bado sahihi tu. Jogoo akaanza kuguna. Nikamsukuma kwa mguu, akajibu kwa sauti kuliko ya wakala, watu wakacheka, na hapo ningetoka nje, lakini nikajiambia, si afadhali nimpe mwenyewe sasa hivi iishe? Nikasimama, nikamnyooshea yule mama, kamba ikafunguka (ilikuwa kuukuu, nakubali), jogoo akaruka mezani, akamwaga chai kwenye fomu, akasimama mbele ya ile mashine, na pale ukutani, juu ya chuo chote, kikatokea kivuli cha jogoo kikubwa kama nyumba. Akawika.

"Huyo ashapata nafasi, bana!" mtu akapiga kelele nyuma.

Wakala akanikaripia, "Mama, toa hiyo kitu! Hapa si soko."

Mimi nikiambiwa hivyo miguu hukataa kuketi. "Hata sokoni," nikasema, "mtu hauzi ng'ombe bila kuulizwa maswali. Huyu mtoto akifika huko atalala wapi? Akiugua, nani atampeleka hospitali? Karatasi atakayorudi nayo, hospitali za hapa zitaikubali? Na akifa, nani atamleta nyumbani tumzike?"

Nekesa akafunika uso. "Kukhu, unaniua mbele ya watu."

"Afadhali ufe kwa aibu hapa, nikuone."

Mzungu akauliza nimesema nini. Wakala akamjibu maneno machache tu, akitabasamu. Ndipo Nekesa akatoa mikono usoni, akasimama, machozi bado yanamtoka.

"Hajashukuru," akamwambia wakala. "Ameuliza." Akamgeukia mzungu, akatafsiri swali moja moja, hata lile la kufa.

Yule mama hakuficha. Mahali pa kulala mwanafunzi anajitafutia. Matibabu, inategemea. Kama karatasi itakubaliwa Kenya, hajui. Kuhusu mwili, hakuwa ameulizwa hata siku moja. Mwanamke nyuma yangu akarudisha kalamu yake mkobani, na mimi kidole changu nikakikunja.

Nekesa hakunisemesha wiki nzima, isipokuwa "chai iko tayari". Watoto wa njiani waliniwikia mpaka Krismasi. Basi, hotelini sitabeba tena kiumbe chenye mabawa, hilo naapa. Lakini kunyamaza ili nisichekwe? Wacheke mpaka wachoke.

Mwaka uliofuata Nekesa aliandikia vyuo vitatu, maswali ni yale yale. Kimoja cha India kikajibu yote, akaenda. Jibu la swali la mwisho nililikunja nikaliweka ndani ya Biblia, miaka minne, na sikuwahi kulifungua. Amerudi kwa miguu yake mwenyewe.