Chafya Niliyoizuia

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, wakati kilima chetu chote kule upande wa Bomet kiliamua kwamba sisomi kwa sababu ya mwanamke aliyekufa kabla baba yangu hajazaliwa.

Kusoma kweli sikuweza. Nikiangalia b inageuka d, nikirudi inakuwa b tena, na neno refu lilitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Hesabu za kichwa nilikuwa wa kwanza. Stori nilimshinda mwalimu. Leo najua kitu hicho kinaitwa disleksia na kina vitabu vyake. Siku hizo kilikuwa na maoni tu, na maoni yalikuwa bure, free of charge, hayaishi.

Mama aliyapokelea kwenye kituo cha kuuzia majani, tukingoja lori ya kiwanda na vikapu vya chai vikiwa miguuni. Pale huna pa kukimbilia. Ukiondoka, majani yako hayapimwi. Mmoja alisema nichapwe zaidi. Mama wa kwaya akasema nipakwe mafuta na kuombewa. Mwingine, mtu wa Chepilat, akasema kwao mtoto kama mimi hulishwa ulimi wa mbuzi. Wote walianza na "Mama Chebet, usichukie, lakini..." Mama alijibu "asante" kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Maoni yenye meno yalikuwa ya Senge, dada mkubwa wa baba. Kwetu mtoto akizaliwa, wazee wa kike humwitia mmoja wa waliotangulia. Wanataja marehemu mmoja mmoja, tumbaku kidogo ikiwa puani mwa mtoto, na jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Mimi nilimpigia Taprandich, mama mzazi wa babu yangu. Babu huyo tulimwita Kugo. Na Taprandich, kila mtu alijua, ndiye msichana aliyewatoroka wamisheni, akatupa kibao chao cha kuandikia mtoni, akajificha msituni mpaka wakachoka kumtafuta.

"Ni yeye anakataa," Senge alisema. "Aitiwe mwingine. Kuna shangazi yetu alikuwa anasoma Biblia yote. Huyo alikuwa na kichwa."

Baba akakubali. Watu wa kanisa hao, Jumapili viti vya mbele, lakini mambo ya tumbaku hawakuwahi kumwambia pasta.

Tangu nizaliwe, Kugo aliniita mama. Haikuwa utani. Nikiingia kwake alinimiminia maziwa ya kwanza ya mursik kutoka kwenye kibuyu kabla yeye hajaonja. Akitaka kwenda soko la Sotik alisimama mlangoni, kofia mkononi: "Mama, nipe ruhusa." Shuleni nilikuwa mjinga wa kusimamishwa mbele ya wengine. Kwa Kugo nilikuwa mama wa mtu. Nikiitiwa mwingine, nilielewa vizuri sana, nitabaki mjinga tu, na mzee atakuwa yatima mara ya pili.

Senge na wazee wa kike waliniketisha kwenye stuli uani, Jumamosi mchana. Kugo alikaa kando ya boma la ng'ombe, ametupa mgongo. Senge akaniwekea tumbaku, pua ikawaka moto, akamtaja yule shangazi wa Biblia. Nikabana ulimi juu ya kinywa. Machozi yakanitoka, chafya haikutoka. Wakataja mwingine. Kisha mwingine. Senge akaongeza tumbaku.

"Huyu mtoto ni jiwe," mama mmoja alinung'unika.

"Si jiwe," Senge akasema kwa hasira. "Ni yule yule."

Hapo Kugo akainuka na fimbo yake. Hakugeuka hata. "Mama," akasema, "twende nyumbani. Hawa watakuua tena."

Chafya ikanitoka nusura nianguke na stuli. Wanawake walicheka wakashikana mabega. Senge peke yake hakucheka. Alisema haihesabiki, maana jina halikutajwa.

Mama, aliyekuwa akimimina chai, akaingia jikoni akatoka na sinia ya unga wa mahindi. Kila jioni alikuwa akishika kidole changu tukachora herufi moja kubwa kwenye unga huo, tukatamka sauti yake, tukafuta, tukachora tena, mpaka mkono ujue kile ambacho jicho limekataa. Aliiweka sinia miguuni mwa Senge.

"Nimewasikia wote," alisema. "Sasa mwenye maoni aje hapa saa kumi, kila siku, akae na huyu mtoto mpaka giza. Akishindwa, anyamaze."

Jumatatu saa kumi hakuja mtu. Alikuja Kugo. Akavua kofia, akakaa ng'ambo ya sinia, akatoa kidole chake kilichopinda. "Mama akiwa darasani," alisema, "mtoto ataachwa nje?"

Hakukuwa na miujiza. Ukurasa mzima niliusoma nikiwa darasa la sita, na mpaka leo nasoma kwa kidole. Kugo alijifunza herufi za jina lake akaacha hapo.

Digrii ninayo. Kazi sina. Nimetarmac Kericho, nimetarmac Nairobi, mpaka soli za viatu zikaniambia rudi nyumbani. Na maoni yamerudi. Senge, mzee sasa, anasema Taprandich aliyekataa kibao cha mzungu ndiye anakataa ofisi yake, niitiwe mwingine. With due respect, Senge, wanaokataa ni wale wa ofisini wanaoniuliza kama niko na mtu ndani.

Sijui kama Taprandich alirudi kwangu. Lakini nadhani najua kwa nini alitupa kile kibao: mtu alimwambia yeye ni mjinga, mbele ya watu. Na ule ukaidi waliotaka kuufukuza kwa tumbaku ndio uliokaa na sinia miaka yote ile. Wangefaulu siku ile, wangeninyang'anya kitu pekee nilichokuwa nacho cha kusomea.

Kugo ametangulia. Mtoto wa kaka yangu, Chelangat, yuko darasa la pili na herufi zinamchezea. Kwake mimi ndiye Senge sasa. Kila saa kumi natoa sinia. Wiki jana Senge mkubwa alisimama kwenye ua, akaanza, "Chebet, usichukie, lakini..." Nikamsogezea stuli ng'ambo ya unga. Akaiangalia. Akasema ng'ombe wanamngoja.

Ng'ombe hao alishawauza mwaka jana. Chelangat alifuta unga kwa kiganja, akaanza b upya.