Mkorosho wa Njia ya Kisimani

Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, nilikuwa namfunga mwanangu mgongoni kwa leso na kuaga kwamba twaenda kutembea. Majirani walicheka. "Huyo msomi wa fomu foo atembea kama mtalii. Mwakirunge hii ina nini cha kutazama?" Ilikuwa na minazi, mihogo ya watu, mbuzi waliofungwa kamba fupi, na timbo, lile shimo kubwa wanakochimba mawe ya kujengea. Nilivitazama vyote. Lakini sikuwa natembea. Nilikuwa natafuta mahali alipozikwa mtoto wangu wa kwanza.

Hakumaliza arubaini. Kwa kina mume wangu, mtoto mchanga kama huyo huzikwa alfajiri na wanawake wazee, bila matanga wala alama, na mama yake haonyeshwi. Akionyeshwa, wasema, atakwenda kulia pale kila siku na tumbo litafungika. Mimi nilifungiwa ndani, shangazi mmoja mnene akakaa mlangoni. Nililisikia jembe. Mapigo machache tu, likanyamaza, maana shimo lenyewe halikuhitaji kuwa kubwa. Nilipouliza, mama mkwe alinijibu, "Utazaa mwingine." Nikazaa mwingine, msichana. Hasira haikuondoka.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa matembezi yetu. Nilichungulia kila palipoota nyasi za rangi nyingine, kila udongo uliotitia. Mtoto alipoanza kutembea mwenyewe tukawa twachelewa zaidi, kwa sababu kila kitu alitaka kukishika: konokono, makumbi ya nazi, kamba ya mbuzi na mbuzi mwenyewe. Alichopenda zaidi ni kusimama kando ya timbo kuwatazama wanaume weupe kwa vumbi wakipiga sururu, huku lori likingoja kupeleka mawe Kisauni na Kongowea, kwa wanaojenga nyumba za kupangisha. Kulikuwa na mmoja asiyekosa neno.

"Dada, leo waja kununua jiwe au kuchagua bwana?"

"Bwana ninaye. Wewe kaoge kwanza."

Wenzake walicheka mpaka wakaweka sururu chini. Na mimi nilicheka. Kisha nikaona ukingo umesogea tena. Kila tulipokwenda, shimo lilikuwa limelikaribia shamba letu, na mimi bado sijui.

Nilikuja kupajua msimu wa mabibo. Njia ya kisimani ilikuwa imenyooka, ikipita chini ya mkorosho mkubwa, lakini mama mkwe hakupita pale hata siku moja. Akifika huiacha njia, akazunguka majanini, ndipo akairudia mbele. Nilidhani aogopa siafu. Siku hiyo tulikuwa twarudi na ndoo zimejaa, mtoto akakimbia mbele yetu kuokota mabibo yaliyoanguka.

"Toka hapo!" mama mkwe alipiga kelele. "Utamkanyaga!"

"Nitamkanyaga nani, nyanya?"

Ndoo iliyumba kichwani mwa mama mkwe, maji yakamshukia usoni, na hakuyapangusa.

Nikatua ndoo yangu. Nilikuwa na maneno niliyomwekea miaka yote hiyo, mengine machafu. Yeye akaniwahi.

"Sikukuficha kwa ubaya, mwanangu. Mimi wangu ni wawili. Hata leo sijui walinizikia wapi."

Nikajitwisha ndoo tena, maneno yangu nikarudi nayo nyumbani. Na hilo nalo lilinikasirisha, maana nilikuwa nimeyatunza vizuri.

Tangu hapo Jumapili zetu zilikuwa na mahali pa kwenda. Tulitandika leso pembeni mwa mkorosho, mtoto akala mabibo mpaka nguo ikaharibika kwa madoa, nami nikakaa tu. Wallahi sikulia kila siku kama walivyonitabiria. Siku nyingine nililala usingizi.

Haikufika masika. Baba mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyeshika shamba la ukoo, aliuza upande ule wa mkorosho kwa wenye timbo. Nilimfuata barazani kwake, ana wageni, na shikamoo sikumpa.

"Pale pana mwanangu."

"Pana nini? Makaburi yetu yako kule juu, nami nayajua yote. Pale pana mkorosho."

"Muulize mama. Yeye ndiye aliyemzika."

"Mambo ya wanawake hayo. Wanunuzi niwaambie nini? Kaburi liko wapi? Nionyeshe alama yake."

Alama! Wao wenyewe ndio walioikataza. Nilimwambia hivyo hivyo, na zaidi ya hivyo, kwa sauti ambayo nadhani ilifika Kongowea. Wageni wakatazama kahawa yao. Jioni mume wangu akaniambia nimemtia aibu. Nikamwambia aichukue aibu yake akalale nayo sebuleni.

Tingatinga liliung'oa mkorosho asubuhi moja tu. Likakwangua udongo wote wa juu ili jiwe lionekane, na udongo ule likaurundika pembeni, kilima baada ya kilima, mwekundu, na mizizi ikichomoza. Sisi tulizuiwa kukaribia. Tulisimama mbali, mama mkwe amejifunika leso kichwa kizima.

Jumapili iliyofuata mtoto aliniletea ile leso ya kutandika. Nikamwambia hatuendi. Akalia, nikamwacha alie.

Lakini maji hayangoji mtu. Yalipokwisha mtungini tulitoka na ndoo, sisi watatu. Njia ya zamani ilikuwa imekatika, na sasa mtu alipaswa kupita kwenye vile vilima, tayari wengine walikuwa wamekanyaga vijia juu yavyo. Mama mkwe alifika kwenye cha kwanza akasimama. Akakizunguka. Akafika cha pili, akakizunguka vilevile. Mtoto alitaka kupanda juu, nikamshika mkono.

"Pita huku," nikamwambia.

Hatukujua yumo katika kipi. Tukavizunguka vyote, tukienda na tukirudi, maji yakitumwagikia mabegani.