Juba la Athuman

Athuman, mwenye duka la kanga na vyombo pale Kyela mjini, alikuwa mtu wa Pangani kwa watu wawili tu duniani: binti yake Samira na mwanawe Ridhwani. Sisi wengine wote tulijua kwamba alizaliwa Bujonde, kwenye migomba na mpunga, akaitwa Anyisile. Ujanani alikwenda Tanga kukata mkonge, akasilimu huko, akarudi na kofia nzuri na Kiswahili cha kuteleza, akamuoa Tausi, binti wa mfanyabiashara mwenye asili ya pwani. Hayo yote yalikuwa haki yake. Mama yake, Bibi Elizabeth, hakununa hata kidogo. Alisema Mungu ni mmoja na mkwe amempenda.

Ubaya ulianzia mdomoni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zinaingia kutoka kila upande, na Athuman ameanza kupata marafiki wenye magari. Siku moja Samira akamuuliza, "Baba, bibi mzaa wewe yuko wapi?" Akajibu papo hapo, bila hata kukuna kichwa, kwamba alifariki zamani na amezikwa Pangani. Na wakati huo Elizabeth yuko hai, mzima wa afya, anakuja mjini kwa miguu na ungo wa ndizi kichwani! Tausi aligomba mpaka akachoka. Mama mtu alipoambiwa na mwanawe kwamba akija dukani aje kama muuza ndizi, alijitwika ungo wake. Akaja hivyo hivyo. Alikaa kwenye ngazi, akawatazama wajukuu zake wakila ndizi, nao wakamwita Bibi Ndizi na kumuiga anavyosema "habali za leo". Athuman alisikia, akajitia kupanga vikombe.

Mimi nilikuwa nashona nguo barazani pake, kwa hiyo niliyaona yote. Mara nyingi nilitamani kumchapa na rula yangu ya kupimia. Sikumchapa, kwa sababu baraza ilikuwa yake.

Mwaka wa tisini na saba, shule zilipofungwa, Athuman aliwapeleka watoto Dar es Salaam kwenye bustani ya michezo. Hakuna mtoto mwingine wa mtaa wetu aliyewahi kuota safari ya namna hiyo. Tausi alibaki nyumbani na kichanga. Waliporudi, Samira alitusimulia kila kitu bila kuombwa: vigari vya kugongana, farasi wa mbao wanaozunguka, halafu ile bembea kubwa ya duara yenye viti vinavyopanda mpaka juu ya miti na kushuka upande wa pili. Athuman alikaa katikati, mtoto huku na mtoto huku, akiwaambia wasiogope kwa kuwa baba yupo.

Kiti chao kilipofika juu kabisa, bembea ikasimama ili watu wengine wapande chini. Kiti kikayumba. Athuman akawaachia watoto, akakumbatia chuma kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akapiga yowe lililosikika mpaka getini: "Juba! Juba! Juba!"

Kwetu huku, hilo ndilo neno ambalo mtoto humwitia mama yake.

Waliposhuka, mwendesha mtambo, mtu mzima aitwaye Lameck, alikuwa akicheka mpaka machozi. "Ugonile, ndugu yangu!" akamwamkia. "Kumbe wa nyumbani! Wa Kyela au wa Tukuyu?"

"Mimi mtu wa Pangani," Athuman akasema.

"Hee! Pangani nako siku hizi wanamlilia juba?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Samira akamvuta baba yake shati. "Baba, juba ni nini?"

"Ni joho. Lile joho refu la mashehe. Nilidhani langu limepeperuka."

"Lakini hukuvaa joho, umevaa shati."

"Basi, twendeni tukale."

Athuman hakupanda kitu kingine siku ile. Alikaa kwenye benchi, soda ikamchachia mkononi, watoto wakaendelea kuzunguka bila yeye. Baadaye aliniambia kwamba woga ulimwisha mara tu alipokanyaga ardhi, lakini aibu ilibaki. Mdomo uliomzika mama yake akiwa hai ndio huo huo uliomwita alipodhani anakufa. Aliona aibu mbele ya Lameck, akaona aibu zaidi mbele ya watoto, na usiku akaona aibu akiwa peke yake.

Wiki ileile waliyorudi, Elizabeth alikuja na ungo wake. Samira akamrukia hata kabla hajautua.

"Bibi Ndizi! Baba alilia kule juu! Alilia juba lake! Juba, juba, juba!"

Nikasimamisha cherehani.

"Alilia nini?" bibi akauliza polepole.

"Juba. Ni joho. Hulijui?"

Yule mama akautua ungo. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi mkononi. Angetaka kumwumbua, neno moja tu lingetosha, na wateja walikuwepo wa kulisikia. Akamgeukia mtoto.

"Nalijua, mwanangu. Juba ni nguo. Nguo nzuli sana, ya kujifunika."

"Nzuli!" Ridhwani akaangua kicheko.

"Usimcheke!" Athuman alisema. Akaweka jagi chini, akaenda kuchuchumaa mbele ya mama yake, pale pale kwenye ngazi, kama mtoto wa Bujonde anavyomwamkia mzazi. "Samira, njoo. Juba si nguo. Juba ni mama. Huyu ndiye mama yangu."

Samira alimtazama bibi, akamtazama baba. "Lakini ulisema alikufa."

Wateja waliangalia kanga walizoshika, kana kwamba wamezikuta zina matundu. Niliomba moyoni Athuman aseme kweli, aumalize tu uongo wake, aibu yake iishe. Kabla hajapata neno, Elizabeth alimvuta mtoto akampakata.

"Niliugua sana, mjukuu wangu," akasema. "Baba yako aliambiwa nimekufa. Hakujua kama nilipona."

"Pole, bibi," Samira akamwambia, akimshika shavu.

Athuman alikuwa bado amechuchumaa, kichwa kimeinama. Alikuwa na nafasi ya kusema kwamba sivyo ilivyokuwa. Akanyamaza, akamwacha mama yake aseme uongo ule kwa ajili yake.