Programu Ina Mwenyewe

Fundi wa kompyuta za zamani hashiki disketi ovyo. Hupangusa kwanza vidole kwenye suruali, kisha huipuliza taratibu kama anayepoza chai ya mtoto. Anayo moja yenye programu pekee inayofungua nyimbo alizotunga marehemu kaka yake. Shemeji yake huja karakanani kuzisikiliza, na kila akija humsihi atoe nakala kabla disketi haijaharibika.

"Programu ina mwenyewe, shemeji."

"Kampuni iliyoitengeneza si ilishakufa?"

"Ina warithi. Nimewaandikia, tusubiri."

Warithi kimya. Leo, shemeji yake akiwa kando, fundi amepiga moyo konde: atanakili, liwalo na liwe. Mashine inakoroma, inanyamaza. Disketi imeliwa na ukungu. Anapangusa vidole, anaipuliza taratibu, anairudisha mashineni.

"Tusubiri kidogo," anasema. Shemeji yake hamwulizi wanamsubiri nani.