Ngwe ya Kanyere

Kanyere alizaliwa Vuhovi, ambako ndugu sita hugawana mteremko usiotosha mbuzi wawili. Ndiyo maana alishuka na mumewe hadi Mbau, kwenye barabara ya Oicha, kutafuta udongo. Mume akafa, udongo ukabaki: kishamba kando ya kijito, chenye maharage ya kuwatosha watoto watatu kama kikipandwa kwa wakati. Asubuhi alilima kwa watu apate chakula cha leo. Mchana alilima kwake apate cha miezi ijayo. Mimi nilikuwa jirani yake, na mara nyingi tulilima bega kwa bega. Tulimtania kwamba jembe lake linakimbia askari.

Shamba kubwa lilikuwa la Mama Adèle, aliyeishi Bungulu, pale Beni mjini. Alikuja kwa pikipiki, kamba begani. Kwa kamba hiyo alimpimia kila mtu ngwe yake, yaani kipande cha kulima siku hiyo. Ukimaliza ngwe, unapewa kopo lako moja la maharage, unakwenda zako. Hatukuwa na saa nyingine ila ile kamba.

Mwaka wa koltani, yale madini ya simu, wanaume wenye nguvu walikimbilia machimbo ya Manguredjipa, na mashamba yakakosa mikono. Ndipo Mama Adèle alipoijua njia ya nyumbani kwa Kanyere. Alikaa jikoni kwake, akala sombe ya majani ya muhogo, akaisifu. Aliikunja kamba katikati mbele ya macho yetu, na malipo yakawa makopo mawili. Saa nne asubuhi tulikuwa tumemaliza. Mwaka huo Kanyere alipanda kwa wakati na watoto wake walikula wakasaza. Hatukuwa tumegeuka hodari. Tulikuwa wachache tu.

Mwisho wa mwaka elfu mbili na mbili, vita viliwatoa watu Mambasa. Walipita barabarani siku nyingi, magodoro kichwani, na wengi wakaishia kwenye madarasa na uwanja wa misioni. Sisi tuliwapa maji na sufuria. Mama Adèle naye aliwaona, kwa macho yake mwenyewe.

Mwezi wa pili kamba ilikunjuliwa, na makopo mawili yakawa moja. Sokoni maharage yalikuwa yamepanda bei, maana midomo iliongezeka. Basi yeye akapata zaidi kwa maharage yaleyale, sisi tukapata nusu, kwa jasho maradufu. Miaka imepita, na bado nikilisema hili damu inanichemka.

Siku ya kwanza ya kamba ndefu, Kanyere alifanya kosa ambalo mvivu asingeweza kulifanya. Mvua ilikuwa karibu, na kishamba chake kilikuwa bado majani matupu. Alitaka mchana wake. Akainama, hakunyanyua kichwa wala kunywa maji, na saa sita kamili, sisi wengine tukiwa bado katikati, ngwe yake ilikuwa imekwisha. Mama Adèle aliitembea toka pembe hadi pembe, akiikagua.

"Donc, kumbe inawezekana," akasema. "Kanyere amemaliza saa sita. Kesho naongeza kamba."

Kanyere alijifuta uso. "Maman, nilikimbiza kazi juu ya shamba yangu, iko inaningoja. Ile hapana kipimo ya kila mutu."

"Batu biko mingi, Kanyere. Hapana miye njo nilibaleta. Mwenye hapana taka, akae kwake."

Kesho yake kamba ilikuwa imeungwa kipande kingine, kwa fundo kubwa kama ngumi. Tulimaliza saa kumi na moja jioni, kwa kopo lilelile moja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alitujua vizuri sana. Alijua tutakuja.

Kanyere alituita nyumbani kwake Jumapili baada ya misa. Alisema tulime wote polepole, tuishie kwenye fundo, kamba ya zamani ilipokoma, tuone Mama Adèle atafanya nini. Tukakubali, isipokuwa Elikia, mmoja wa wale waliotoka Mambasa, aliyekuwa na mtoto mgongoni.

"Yaya, dada mukubwa, niko nakusikia," alisema. "Mais lakini akinifukuza, batoto bangu batakula nini? Wewe uko na shamba. Miye niko na ile ngwe tu."

Kanyere akauacha mpango wake, maana mmoja akimaliza, wengine wote tungefukuzwa. Jumatatu tulilima hadi mwisho wa kamba, wote. Mvua ikanyesha wiki tatu. Kanyere alipanda kwake kwa kuchelewa, gizagiza, mgongo umekufa, na maharage yakaozea mashinani. Nilimwona akiyang'oa. Alilia waziwazi, nami nikalia kwa hasira.

Mwezi wa nane njia ya Mambasa ikafunguka. Wageni walifunga magodoro yao. Elikia alikuja kuaga na kurudisha sufuria. Wiki hiyohiyo, asubuhi, tukasikia pikipiki uani kwa Kanyere. Mama Adèle alikuwa ameshika kamba, fundo limefunguliwa, kamba imekunjwa katikati. Akasalimia watoto kwa majina, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka wa koltani.

"Kopo mbili," alisema. "Na asubuhi mapema, unamaliza mbio."

"Nitakuja," Kanyere alisema. "Mais asubuhi iko ya shamba yangu. Kwako nitakuja mchana."

"Mchana jua iko kali. Utalima nini na ile nguvu yenye inabakia?"

"Ile tu yenye ulikuwa unanibakishia."

Mama Adèle alitazama barabara yote, juu na chini. Hapakuwa na mtu wa kuchukua jembe. Msinidanganye kwamba hiyo ilikuwa haki. Watu wangekuwa wengi, angewasha pikipiki akaenda zake. Lakini siku ile alimfuata Kanyere hadi kijitoni, akakaa juu ya jiwe, kamba mapajani, akangoja zamu yake.

Kanyere alianza kulima kwake. Alilima polepole, akasimama kunywa maji, akalima tena. Sikuwahi kumwona akilima polepole.