Chinsaga za Konani

Habari zilipotufikia Kisumu kwamba dada yangu Zuhura, aliyeolewa Nyamira, amejifungua salama, mama alinitwika kanga na kopo la samli. "Nenda ukamwone, mimi magoti yamenigomea," akasema. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa makanika gereji, na ruhusa ilikuwa ngumu. Niliondoka kabla tajiri hajabadili nia.

Hadi basi linafika Kisii, abiria tulikuwa wekundu kwa vumbi. Nikanywa chai, nikadandia lori la Nyamira. Milima hiyo, usiombe! Lori lilipanda likikoroma, na kila kona moshi ulitanda njiani.

Kwenye kona ya mwisho, niliposhuka, nilimkuta mama mkwe wa Zuhura akichuma chinsaga, ile mboga chungu tuiitayo mgagani. Alikuwa ameipanda ukingoni kabisa mwa barabara, nayo ilinawiri ajabu.

"Karibu, baba," akasema. "Hii ndiyo itarudisha damu ya dada yako."

Wagusii humlisha mzazi chinsaga zilizopikwa kwa maziwa, na ni heshima kubwa. Lakini moyo wangu haukutulia. Madebe ya petroli gerejini yaliandikwa onyo kwamba mna risasi, madini yenye sumu, na tulikatazwa hata kuinawia mikono petroli hiyo. Risasi hiyo hutoka na moshi.

Jioni, jikoni, Zuhura alipewa bakuli huku mtoto akinyonya. Mgeni hakosoi chungu cha mwenyeji, najua, ila hofu ilishinda haya.

"Mama, mboga hizi zimekula moshi wa magari."

Akacheka. "Moshi iko na ubaya gani? Hii nyumba imekula moshi miaka yote. Ndiyo inafukuza wadudu kwa mahindi."

"Huo ni wa kuni, mama. Wa gari una sumu. Majani utayaosha, udongo je? Na anachokula Zuhura, mtoto atakinyonya."

Zuhura aliliweka bakuli chini. "Nisamehe, mama. Naogopa."

Mama mkwe alichukua kikapu, akatoka.

"Umeniponza, kaka," Zuhura akaninong'oneza. Nami nilijiona mjinga wa mwisho.

Giza lilikuwa linaingia aliporudi na chinsaga changa, alizozichuma bondeni nyuma ya migomba.

"Hii haijui gari," akasema, akabandika sufuria nyingine. Lile bakuli la kwanza akalisukuma mbele yangu. "Wewe hunyonyeshi."

Nilikula kidogo, kwa adabu. Niliitafuta sumu kwa ulimi nisiione: ni uchungu wa kawaida wa chinsaga na utamu wa maziwa tu. Hapo ndipo nilipojifunza kuogopa kweli, maana kitu kisicho na ladha utamwonyaje mtu nacho?

Siku ya kurudi nilipandia lori pale konani. Majirani walikuwa wameinama kwenye vitalu vyao ukingoni, wakichuma. Nikasimama juu ya magunia, nikapunga mikono na kupaza sauti waziache mboga zile. Dereva akakanyaga mafuta, injini ikanimeza sauti. Wanawake wale wakainuka ndani ya moshi wetu, wakitabasamu, wakanipungia mkono wa kwaheri.